Kungu Amenyamaza

Kiponda, Unguja
2 Aprili 1964

Kwa ndugu yangu Khelef,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakupa habari ambayo najua itakuchoma. Afadhali ikuchome kwa mkono wangu kuliko kwa midomo ya watu. Nyumba yenu nimepewa mimi. Siku ya kugawa funguo za nyumba za waliokimbia niliona namba ya nyumba ya marehemu baba yako nikanyoosha mkono kabla ya mwengine. Ulitaka akae nani, mtu asiyejua hata kwamba ngazi ya tatu imeoza? Picha ya mzee iko palepale ukutani. Vyumba vya juu nimevifunga. Mimi na mke wangu Time tumejibana chini, nami nalala humu kama mgeni aliyechelewa kuaga.

Kungu yuko nami. Uliponikabidhi kamba yake siku unaondoka, ulisema nimtunze mwezi mmoja, na mwezi umekuwa miwili. Time amegoma. Anasema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, na mimi namjibu kuwa panya wanaingia, tena bila hodi. Tumepatana mbwa alale uani, na kila chombo atakachokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Udongo wenyewe nauchukua kwa shemeji yangu anayekaa Mpendae, naubeba kwa ndoo juu ya baiskeli, maana mjini hapa hata udongo ni wa kutafuta.

Sasa nisaidie. Pale ofisi ya mifugo mimi nilikuwa mtu wa ng'ombe. Wewe ndiye uliyekuwa karani wa yule dokta Mwingereza na mlezi wa mbwa wake. Huyu ni mbwa gani? Kimo chake cha paka aliyeshiba, lakini tangu tuhamie haondoki kwenye ukuta wa ghala, ule wa kaskazini. Anainamisha kichwa kama anayesikiliza redio. Juzi ameanza kuchimba. Nyumba hii kila kinachotikisika nakisikia, ila hicho anachokisikia yeye mimi sikisikii.

Nijibu upesi.

Nduguyo,
Mcha Shaame


Dar es Salaam
9 Aprili 1964

Ndugu Mcha,

Waalaykum salaam. Nyumba ni ya Mungu, sisi sote wapangaji. Nakushukuru kwa picha ya baba.

Umeniuliza juu ya Kungu nami nitakujibu kama alivyonifundisha dokta. Kwao wanaitwa teria wa mpakani, kwa kuwa asili yao ni vilima vilivyo kati ya Uingereza na Uskochi. Wachungaji wa huko walisumbuliwa na mbweha waliokula wanakondoo na kujificha mashimoni. Wakataka mbwa mwenye miguu ya kumfuata farasi kutwa, na mwili mwembamba wa kumfuata mbweha hadi ndani ya shimo. Kwa hiyo walichagua, kizazi baada ya kizazi. Dokta alikuwa akimshika Kungu nyuma ya mabega kwa viganja viwili, na vidole vikikutana husema, "Huyu sawa." Kifua kikizidi viganja viwili, mbwa hafai, atakwama. Ana kichwa cha fisi maji, ngozi nene, manyoya magumu yenye rangi ya kungumanga, na ndiyo maana ya jina lake.

Tabia yake ni njema kuliko ya watu wengi. Watoto watamvuta masikio na hatauma. Anavumilia njaa. Ukali hana, ana kazi tu, na kazi yake ni moja: kilicho hai kilichojificha, yeye atakaa mbele yake. Hubweka sauti moja kavu, bila kuchoka, hata siku tatu. Akinyamaza, basi mnyama ametoroka au amekufa. Mzoga haujali, huondoka zake.

Lakini wewe usijitie wasiwasi. Nyumba za zamani zina panya wengi. Mfunge uani, mbali na ghala.

Wako,
Khelef


Dar es Salaam
9 Aprili 1964
Kwa mkono wa Hamad, muuza mbata

Shangazi Mashavu, shikamoo.

Nakuandikia wewe kando, wala hii usiitie posta wala usiiweke. Ukishaisoma ichome.

Mcha amehamia upande wetu wa nyumba, na amekuja na yule mbwa. Anamkuta kila siku mbele ya ukuta wa ghala. Shangazi, nyuma ya ukuta ule ndipo alipo Turki. Babu alipoigawa nyumba kati ya baba na wewe alikiacha kile chumba chembamba katikati, akakiziba upande wetu, mlango ukabaki upande wako nyuma ya kabati. Nilipomfungia mdogo wangu humo Januari, baada ya jina lake kusomwa redioni miongoni mwa wanaosakwa, niliona hakuna binadamu atakayejua. Mbwa sikumhesabu. Na nilimkabidhi Mcha kwa mkono wangu mwenyewe!

Nimeandikiwa: "Nyumba hii kila kinachotikisika nakisikia." Nimeyasoma maneno hayo mara kumi. Mcha nimefanya naye kazi miaka sita, tumekula sahani moja, lakini leo ana beji ya chama kifuani na ufunguo wa nyumba yetu mfukoni, na mimi sijui tena ninayemwandikia ni nani.

Hamad anatafuta chombo cha kumvusha kutoka Kiwengwa. Anasema mwisho wa Mei, kabla ya hapo haiwezekani. Mweke Turki kimya mpaka siku hiyo. Asikohoe.

Mwanao,
Khelef


Kiponda
17 Aprili 1964
Kwa mkono wa Hamad

Mwanangu Khelef, marahaba.

Turki mzima, ila amekonda, na ndevu zimemfika kifuani. Jambo linalonitia hofu ni hilo la mbwa. Amekwisha kutoboa. Pale chini, sakafuni, chokaa ilikuwa imeoza, naye ameipekua mpaka amepata tundu la kupitisha kichwa na mabega. Habweki akimwona. Anaingia, anamlamba mkono, anamlamba uso akilala, kisha anarudi kwao na huko ndiko anakobweka.

Na Turki unamjua. Nampelekea maji kata nne kwa siku, nne tu, maana mfereji wa maji uko kwa jirani na kila ndoo ina mashahidi. Kata tatu zote anaoshea najisi, mara saba kama ilivyoamriwa, na udongo anaukwangua ukutani. Anakunywa moja. Nimemwambia, "Baba, dharura ina hukumu yake, Mungu si mkali kama wewe." Akanijibu: "Shangazi, nshapoteza kazi, nshapoteza jua, na jina langu liko mikononi mwa watu. Hii tahara ntaishika." Nililia nikatoka.

Midomo imempasuka, mwanangu. Atakufa kwa kiu na maji anayo. Wewe ndiye unayemjua huyo mbwa na huyo mwenye mbwa. Fanya ujualo, huyo mbwa asiingie tena.

Shangazi yako,
Mashavu


Kiponda
28 Aprili 1964

Ndugu Khelef,

Barua yako ilinifurahisha. Nilimsomea Time habari za viganja viwili, akatoka uani akampima Kungu mwenyewe kwa kitambaa mkononi. "Sawa," akasema, kama dokta.

Lakini mambo hayakutulia. Kamba anaitafuna. Amechimba tundu chini ya ukuta wa ghala na anabweka mbele yake mchana kutwa, ile sauti moja kavu uliyoisema. Jana wamekuja wawili wa tawini, tawi la chama. Mmoja akauliza, "Mbwa wako anamwona nani huko?" Nikajibu, "Panya." Akasema, "Panya gani wa wiki tatu?" Wakacheka, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Sikupenda walivyoutazama ukuta.

Nimewaza mambo mawili. La kwanza, nimwite fundi Jaku, mwashi, avunje kidogo tuone. La pili ndilo ninalotaka unielewe vizuri. Kama kuna kitu chenu humo, dhahabu, hati, amana ya mtu, chochote kile, niambie. Sitakigusa. Nitajua tu cha kuwajibu watu wakija tena. Mimi si mtoto, Khelef, na beji hii niliivaa shati, sikuivaa moyoni.

Jaku ana nafasi wiki ya pili ya Mei. Nangoja neno lako.

Nduguyo,
Mcha


Dar es Salaam
5 Mei 1964

Ndugu Mcha,

Hakuna kitu chetu humo. Tungekuwa na dhahabu ningekuwa nauza ngozi Kariakoo?

Nisikilize mimi niliyemlea mbwa huyo. Humo ndani kuna ngawa, yule mnyama kama paka mwitu. Alikuwapo tangu enzi za baba, huingia kwa kupitia paa na hatukupata kumtoa. Usivunje ukuta. Ukuta ule ndio uliobeba chumba cha juu, ukiugusa nyumba nzima itakulalia wewe na Time. Mwambie Jaku azibe tundu tu: jiwe la matumbawe, kisha chokaa nzito, aipige mpaka ikamate. Tena afanye haraka, kabla wale jamaa hawajarudi.

Mkisikia vishindo msishtuke. Ngawa akizibiwa njia hupiga ukuta kwa mkia. Kungu naye atabweka siku mbili tatu, maana ndivyo alivyoumbwa. Mfunge kwa mnyororo na umwache. Akinyamaza, jua ngawa amehama kwa njia yake ya juu, na kazi imekwisha.

Nakuomba sana jambo hili ulitimize kama nilivyoliandika.

Wako,
Khelef


Chwaka
7 Mei 1964
Kwa mkono wa Hamad

Mwanangu Khelef,

Nakuandikia nikiwa Chwaka, kwa bintiye marehemu Mwanapili, kwani sina tena nyumba. Jana asubuhi walikuja wanne na karatasi. Walinipa saa moja. Nilisema nina kabati zito, wakasema kabati libaki. Mmoja alisimama chumbani muda wote, hakunipa mgongo hata mara moja. Waliponitoa walifunga mlango wa barabarani kwa kufuli na kutia lakiri, na kwa nilivyosikia mpaka apatikane wa kupewa utapita mwezi.

Nililolifanya ni hili. Alfajiri nilikuwa nimempelekea mtungi mmoja wa maji na mikate mitatu, Mungu alinipa fahamu tu, kwani nilisikia wanazunguka mtaa. Na tangu wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwambia: "Baba, nikitolewa mimi, njia yako ni tundu la mbwa. Maji yakikaribia kwisha, sukuma bakuli lako la bati mpaka mdomoni mwa tundu. Usiseme neno wala usiite, mpaka umsikie huyo Mcha akilitaja jina la Khelef. Ukilisikia jina la nduguyo, jua ameshaambiwa, na mgongee mara tatu."

Nimemchunguza huyo Mcha, mwanangu. Nimemwona kila siku akipita na ndoo ya udongo juu ya baiskeli, kwa ajili ya vyombo vya mbwa, na watu wakimcheka. Jana nilipotolewa, yeye ndiye aliyekuja kunibebea mkeka, mbele ya wale wanne. Mtu wa namna hiyo hauzi mtu. Mwambie kweli. Mwambie leo. Yale niliyokuandikia juu ya kumzuia mbwa yafute, tundu lile ndilo mlango wake wa pekee.

Hamad anasema vizuizi ni vingi, lazima azunguke. Nakuombea barua hii iruke.

Shangazi yako,
Mashavu

(Pembeni, kwa mkono wa Khelef: Imenifikia Jumanne, 19 Mei, saa nne asubuhi.)


SIMU YA MAANDISHI
Dar es Salaam, 19 Mei 1964

MCHA SHAAME KIPONDA ZANZIBAR
VUNJA UKUTA WA GHALA LEO. USINGOJE FUNDI. AMANA YANGU IMO NDANI. NISAMEHE. KHELEF


Kiponda
16 Mei 1964
(Imenifikia 21 Mei. Khelef)

Ndugu Khelef,

Leo nakuandikia kwa moyo mweupe. Ushauri wako umefanya kazi.

Jaku alikuja Jumanne, tarehe kumi na mbili. Kabla ya kuziba alipitisha mkono tunduni kutoa kifusi, akatoka na bakuli la bati. Lilikuwa palepale mdomoni, kavu, safi, kana kwamba mtu ameliweka. Tukasema huenda ni la wapishi wenu wa zamani na panya wamelisukuma. Nililiosha mara saba, moja kwa udongo, kwa kuwa Kungu bila shaka keshalilamba, na sasa ndilo ninalonywea maji. Likitoka kwenu ni kumbukumbu nzuri.

Jaku alitaka kuweka jiwe dogo. Nikamwambia kwa sauti, maana masikio yake mazito: "Ziba vizuri, ndivyo alivyoagiza Khelef mwenyewe!" Basi hapo yule ngawa wako akapiga ukuta, ko, ko, ko, mara tatu sawasawa. Jaku akaacha mwiko. Nikamwambia usiogope, Khelef aliniandikia kuwa atapiga kwa mkia. Tukangoja kidogo, hakupiga tena. Tukaziba.

Kungu alibweka Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Hakula. Alivuta mnyororo mpaka shingo ikachubuka, na Time, ambaye hamtaki, alimpaka mafuta ya nazi kwa kijiti. Jana Ijumaa, tumetoka msikitini, nimekuta amenyamaza. Ni kama ulivyosema.

Wale wa tawini wamekuja tena, wakautazama ukuta mpya, wakasikiliza, wakaenda zao. Nakushukuru ndugu yangu. Sasa nyumba imetulia.

Nduguyo,
Mcha


Kiponda
24 Mei 1964
Kwa mkono wa Hamad

Khelef,

Simu yako nililetewa Jumatano saa tisa. Sikumngoja Jaku. Nilipiga ukuta kwa mchi wa Time, kisha kwa mtaimbo, na chumba cha juu hakikuniangukia, kwani ukuta ule haukubeba kitu. Unalijua hilo.

Kungu alikata mnyororo akaingia kabla yangu. Uliniandikia kuwa mbwa huyu mzoga haujali. Nilipopata kupenya nilimkuta amelala ubavuni pa Turki, kidevu juu ya mkono wake wa kulia, na hakubweka. Hilo nalo hukuniambia kweli, au hukulijua.

Turki alikuwa amekaa kuelekea kibla, mgongo ukutani. Nilimjua kwa sababu aliwahi kuja ofisini kukuletea chakula, na siku ile alinipa mimi sambusa mbili kwa kuwa wewe hukuwapo. Mtungi ulikuwa mtupu, umeinamishwa ili litoke tone la mwisho. Sikuona mahali alipojaribu kulivunja jiwe jipya. Lile la kugonga mara tatu nalijua sasa, maana Bi Mashavu nimemfuata Chwaka na amenieleza yote. Alimsikia nduguye akitajwa, Khelef. Akabisha hodi. Kisha akasikia mwiko.

Wale wa tawini nimewaambia ni jamaa yangu wa shamba aliyefia kwangu kwa homa. Mmoja alinitazama sana, lakini sanda ilikuwa tayari imefungwa. Kama watarudi, watarudi kwangu. Mtu tuliyemzika Mwanakwerekwe Alhamisi ana jina la ukoo wangu, na kaburi lake nitakuonyesha.

Josho nilimfanyia mimi, na Jaku akanimiminia maji. Mkono wa kulia ulikuwa umelambwa. Bi Mashavu aliniambia jambo hilo lilivyomsumbua, basi kabla ya josho niliuosha mkono ule peke yake, mara saba, moja kwa udongo wa Mpendae. Nilitumia maji mengi. Ndoo sita, na hakuna jirani aliyeuliza.

Nilikuuliza, Khelef. Nilikuandikia kwa wino mweusi, chochote kile, amana ya mtu, niambie. Ningemtoa siku ileile na kumvisha beji yangu hadi Kiwengwa. Sikulaumu kwa kuniogopa, mwaka huu kila mtu anamwogopa kila mtu. Nakulaumu kwa kuwa ulinijua miaka sita ukaniandikia habari za ngawa.

Kungu anakula, kidogo. Time amemruhusu alale ndani. Bakuli la bati silinywei tena, nimelifunga kwenye kitambaa. Sitalituma kwa mkono wa mtu. Ipo siku utarudi, na utalichukua kwangu mwenyewe.

Mcha Shaame